Mstaafu na randa yake

(Mazungumzo ya kila wiki ya redioni, kama yalivyosomwa hewani)

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mikono. Si mikono ya vijana wanaotafuta kazi, maana hiyo tumeizungumza mara nyingi, bali mikono ya mtu aliyefanya kazi miaka thelathini au zaidi, kisha siku moja akaambiwa apumzike. Sheria za utumishi wa umma hapa Tanzania zinamruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na zinamlazimu akifika 60. Siku hiyo hupewa barua, hupigwa picha, huletewa zawadi ya godoro au baiskeli, wakubwa wakahutubia na soda zikanywewa. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi anaamka kama kawaida, anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, halafu anakaa kitandani. Hana pa kwenda.

Kila mmoja wetu anamfahamu mzee wa namna hiyo. Alikuwa mtu wa maneno, sasa hasemi. Alikuwa hapendi mambo ya jikoni, sasa anauliza nani kamaliza sukari. Anakonda, presha inapanda, usingizi unapotea. Akifariki kabla mwaka haujaisha, wapo watakaosema amerogwa, na wapo watakaosema amekufa kwa kuyangoja mafao. Mimi si daktari wala si mganga, lakini nimezungumza na wastaafu wengi kwa kazi yangu hii, na ninaamini kwamba jambo moja hatulitilii maanani hata kidogo: mtu aliyezoea kuona jioni kitu alichokifanya asubuhi, akikikosa kitu hicho, huumwa.

Tazama ushauri tunaowapa. Katika semina za wanaokaribia kustaafu wanaambiwa wafuge kuku, wafungue duka, wajenge vyumba vya kupangisha. Ni ushauri mzuri kwa anayeweza. Lakini wote unahusu fedha. Hakuna anayewaambia saa nne ya asubuhi, kuku wakiwa wameshalishwa, mikono ifanye nini. Ndiyo maana leo nataka kuieleza kazi moja ambayo nimeiona ikiwasaidia watu wa umri huo, nayo ni useremala. Nasema useremala wa kujifurahisha, si wa kuuza. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa, na nitaifikia.

Nilikwenda Tabora kwa habari nyingine kabisa, habari ya asali. Tabora, kama mnavyojua, ni mji wa reli. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baadaye ikachepuka kwenda Mwanza. Kuna familia pale Isevya na Ng'ambo ambazo babu, baba na mtoto wote wamekula mkate wa reli. Katika kuuliza-uliza nikapelekwa kwa mzee mmoja, karani wa mizigo mstaafu, ambaye niliambiwa anatengeneza mizinga ya nyuki. Hakupenda jina lake litajwe. Alisema likitajwa, mtaa mzima utamletea viti vilivyovunjika.

Nilimkuta chini ya mwembe, ubao ukiwa umebanwa kwenye benchi, maranda yamejaa hadi kwenye ndara zake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanifundisha kuamkia Kinyamwezi, "Mwangaluka," maana alisema mgeni wa Tabora asiyejua neno hilo hajafika. Nikamwuliza ujuzi aliupata wapi. "Ujuzi gani, mwanangu?" akasema. "Mimi miaka yote nimeshika kalamu na mihuri. Randa niliishika nikiwa mtoto wa shule, wakati wa somo la kazi za mikono, na mwalimu alinichapa kwa sababu niliiweka chini kifudifudi."

Hilo la kuiweka randa kifudifudi, kwa asiyejua, ni kwamba makali ya randa yako chini. Ukiilaza kwa tumbo juu ya benchi lenye mchanga au msumari, umeyaharibu. Huilazwa kwa ubavu. Mzee yule hakuisahau fimbo ile kwa zaidi ya nusu karne.

Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Waliosoma shule za msingi baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967 wengi wao ndio wanaostaafu au wamekwisha kustaafu. Kizazi hicho kilifundishwa shambani na karakana kidogo. Wengi walishika tupa na msumeno kabla ya kushika faili. Mkono hukumbuka mambo ambayo kichwa kimeyasahau, na kukumbuka kwake kuna raha yake.

Wala useremala si jambo la kuletwa Tabora jana. Mji huu, ambao Waarabu na watu wa pwani waliuita Kazeh, ndio uliokuwa njia panda ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857. Tukisoma historia ya njia hiyo tunasoma habari za pembe za ndovu, na watumwa, na vitambaa, na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo mizito kwa miezi mitatu au zaidi. Ni historia yenye machozi mengi, wala sitaki kuipamba. Lakini pamoja na mizigo njia ile ilipitisha pia mafundi na mitindo. Ukienda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, akiwa kwanza na Stanley na baadaye peke yake hadi Agosti alipoondoka kwa safari yake ya mwisho. Leo ni makumbusho. Watu huenda kutazama habari za Mwingereza yule, nami nawashauri watazame mlango. Ni mlango wa nakshi kwa mtindo wa pwani, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Wanyamwezi wenyewe walikuwa na uchongaji wao kabla ya mlango huo kufika. Walichonga vinu, ngoma, vigoda, mipini ya majembe yaliyosifika njia nzima, na viti vya watemi. Kimojawapo cha viti hivyo, chenye mgongo mrefu na umbo la mtu lililochongwa kwa nyuma, kilichukuliwa wakati wa Wajerumani na kipo hadi leo katika makumbusho ya Berlin. Kiti kizima cha namna hiyo huchongwa kutoka gogo moja, bila msumari wala gundi. Aliyekichonga hatumjui jina.

Sasa tuje kwenye mbao zenyewe. Misitu ya miombo inayouzunguka mji wa Tabora ndiyo makao ya mninga, na mninga ndio mti ambao seremala wa nchi hii akiutaja sauti yake hubadilika. Si kwa sababu ya rangi peke yake. Mbao nyingi zikikauka hupungua na kupinda, lakini mninga hupungua kidogo sana. Mchwa hauupendi. Hurandika vizuri, haukatai msumeno, na ukiusugua hung'aa. Mti ukijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na tunda lake ni kama kisahani chenye manyoya makali katikati. Watoto wa Tabora hulirusha likapepea.

Ubaya wake ni kwamba hukua polepole mno. Mninga wa kupasua mbao una umri wa mtu mzee sana, miaka 75 hadi 100. Ndugu yake, mkurungu, umekatwa kwa fujo katika miaka ya karibuni kwa ajili ya soko la nje, hata mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ukauweka kwenye orodha yake mwaka 2019. Mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, jamii nzima ya miti hiyo ya Afrika iliongezwa, mninga ukiwa ndani. Orodha hiyo inahusu biashara ya kimataifa, si kigoda cha mzee wa Isevya. Hata hivyo, mbao zozote za asili unazonunua hapa nchini lazima ziwe zimevunwa kwa kibali na kusafirishwa kwa hati za Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao za bei ya kutupa zinazouzwa usiku, waachie wanaozijua.

Na anayeanza hahitaji mninga. Mbao za paini za kutoka Sao Hill ni laini, zinapatikana, na ukizikosea hutalia. Akitaka mninga, aende kwenye karakana za maseremala aombe vipande. Fundi anayetengeneza milango hubakiwa na vipande vya urefu wa mkono ambavyo hupelekwa jikoni kuchemshia maharage. Vilevile viko vitanda vya zamani. Mzee wangu alikuwa na miguu minne ya kitanda cha mama yake mzazi, ya mninga, iliyokaa stoo muda mrefu. Mbao iliyokaa namna hiyo imekauka kuliko yoyote utakayonunua.

Kuhusu kukauka niseme kidogo zaidi, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Mbao hainyamazi. Hata ikiwa imepasuliwa na kurandwa, huvuta unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kiangazi. Tabora mvua huanza Novemba hadi Aprili, na kuanzia Mei hadi Oktoba ni ukavu mtupu. Droo uliyoitengeneza Agosti ikateleza vizuri, Februari itagoma kufunguka. Haijaharibika, imevimba. Tena mbao haivimbi sawasawa pande zote. Kwa urefu wake karibu haibadiliki kabisa, bali hubadilika kwa upana. Kwa hiyo ukitengeneza uso wa meza kwa mbao pana, ukaukaza kwa misumari pande zote, kiangazi kikifika mbao itataka kusinyaa na misumari itaikatalia. Kitakachotokea ni ufa, tena katikati ya meza. Mafundi wazuri huacha nafasi ya mbao kupumua. Na gogo bichi likiachwa juani hupasuka kwanza kwenye ncha, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi huko. Ndiyo maana wenye busara hupaka ncha zile nta au rangi, wakaliweka kivulini juu ya vijiti ili upepo upite chini yake.

Mzee wangu alianza na kigoda cha miguu mitatu. Nikamwuliza kwa nini mitatu. Akaniambia kiti cha miguu minne kina ugomvi na sakafu, mguu mmoja ukizidi kidogo tu kinacheza, lakini miguu mitatu hukaa sawa popote, hata kwenye ardhi ya uwanjani. Ni kweli, na ni hesabu ya darasani kabisa, ila sikuwahi kuisikia ikielezwa vizuri hivyo.

Vifaa vyake vilikuwa vichache kuliko nilivyotarajia: msumeno wa mkono, randa moja, patasi tatu, nyundo, keekee ya kuzungusha kwa mkono, guniya ya kupimia pembe, tupa, na kinoo. Patasi mbili alinunua dukani, ya tatu alifuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari bovu, na hiyo ndiyo aliyoisifia. Akasema nusu ya useremala ni kunoa. Patasi butu huhitaji nguvu, na nguvu ndiyo inayomkata mtu, kwa kuwa chombo kinateleza. Patasi kali huisukuma kwa kiganja tu. Kila asubuhi, kabla ya chochote, hukaa na kinoo na maji kwa robo saa, akishikilia makali kwa mlalo uleule, kiasi cha nyuzi 25 hadi 30. Nilimtazama akifanya. Midomo ilikuwa ikitikisika kidogo, kama mtu anayevuta uradi.

Mke wake alituletea chai. Nikamwuliza, mama, unaionaje kazi hii ya mzee? Akacheka. "Mwanangu, alipostaafu alikuwa akinihesabia hata vijiti vya kiberiti. Sasa hivi namwita chakula mara tatu ndipo anakuja. Maranda yananisumbua, lakini yanafagilika."

Presha yake haijapona. Vidonge anameza kama zamani, na kliniki ya Kitete anakwenda kwa tarehe zake. Nasema hivyo ili asije mtu akaacha dawa kwa sababu redio imesema anunue randa. Ila anasema usingizi umerudi.

Je, hayo ni maneno ya mzee mmoja tu? Hapana. Kuna watu waliokwisha kuyafanyia kazi. Marekani alikuwako msanifu wa majengo aliyeitwa George Barton, aliyeugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha akapooza upande wa kushoto. Madaktari walimpa matumaini madogo. Akaanza kujitibu mwenyewe kwa bustani na kwa useremala, mwaka 1914 akafungua nyumba ya kuwasaidia wengine kwa njia hiyo, na mwaka 1917 yeye na wenzake wachache wakaanzisha chama cha tiba ya kutumia kazi. Tiba hiyo leo ni taaluma kamili ya hospitali; hata KCMC kule Moshi wanafundisha wataalamu wake. Na hapa kwetu, katika milima ya Usambara, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi, ambayo wamisionari wa Kijerumani waliianza mwaka 1904, imetumia kazi za shambani na za mikono kama sehemu ya matibabu.

Juu ya ubongo wa wazee, upo uchunguzi wa hospitali ya Mayo ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2015. Walichukua watu 256 waliofikisha miaka 85 na zaidi, ambao akili zao zilikuwa timamu, wakawafuatilia kwa wastani wa miaka minne kuona nani ataanza kupungukiwa na kumbukumbu. Waliokuwa na kazi za mikono, na useremala ulitajwa pamoja na ufinyanzi na ushonaji, katika umri wa kati na uzeeni, walionekana kuwa na hatari pungufu kwa asilimia 45 kuliko wasiofanya. Wachoraji na wachongaji walipungua kwa asilimia 73.

Tusizishike namba hizo kama msahafu. Watu 256 si wengi, tena wa sehemu moja ya nchi tajiri. Na inawezekana kabisa kwamba mwenye akili inayoanza kuchoka ndiye anayeiacha randa, badala ya randa kuilinda akili. Watafiti wenyewe wanajua hilo. Lakini ukifikiri kazi yenyewe ilivyo, si ajabu. Kutengeneza kijisanduku kunataka upime, ukumbuke kipimo, ukipeleke kwenye ubao mwingine, ufikirie upande wa nyuma ambao huuoni, utambue nyuzi za mbao zinakolalia, na uamue uanze na lipi. Mkono, jicho na kichwa vyote vimeitwa kazini kwa pamoja. Kutazama televisheni hakuwaiti wote hao.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu lina uzito kuliko la ubongo, nalo ni upweke. Wanaume wengi, hasa waliokaa maofisini, hawajui kuzungumza juu ya yanayowauma. Ukimweka mmoja kitini ukamwambia haya, eleza, atakueleza matokeo ya Simba na Yanga. Australia waliliona hilo. Mwaka 1998 katika mji mdogo wa Tongala, jimbo la Victoria, walifungua banda lenye benchi na vifaa, wazee wakaja kutengeneza vitu bega kwa bega. Ikaonekana kwamba mtu ambaye hasemi akitazamwa usoni, husema akiwa anasugua ubao. Leo mabanda ya namna hiyo yametapakaa nchini humo na yamevuka hadi Ulaya. Sisi tuna baraza za kahawa na bao, tusijidharau. Lakini barazani anayeongea ndiye mshindi, na mnyonge hukaa pembeni. Kwenye benchi la seremala hata asiye na maneno ana la kufanya. Mama zetu wa pwani, nadhani, walilijua hili zamani. Wakikaa kusuka ukili hakuna siri isiyosukwa humo.

Mwanamke aliyestaafu naye anaweza kuishika randa. Simwoni wa kumzuia, isipokuwa macho ya watu.

Sasa hatari, na hapa naomba msikilize vizuri. Ya kwanza ni vumbi. Unga wa mbao si kitu cha kuchezea. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliuweka mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Wanaopata hayo kwa kawaida ni waliofanya kazi viwandani miaka mingi, si mzee wa vigoda viwili kwa mwezi. Lakini vumbi la mninga na la mpingo huwakera baadhi ya watu kifua na ngozi tangu siku ya kwanza. Fanya kazi nje penye upepo, funga barakoa unapopiga msasa, nawa kabla ya kula. Mwenye pumu amwulize daktari kwanza. Ya pili ni mashine. Msumeno wa umeme hauna huruma na kidole cha miaka 65, na dawa nyingine za presha huleta kizunguzungu. Vifaa vya mkono vinatosha, tena ndivyo vinavyotuliza; mashine ina kelele na haraka, mambo mawili ambayo mstaafu ameyakimbia.

Ya tatu ni fedha. Mstaafu akisifiwa kigoda chake, watatokea watu watatu siku hiyohiyo. Mmoja atamwagiza viti ishirini vya ukumbi. Wa pili atamwambia akope afungue karakana. Wa tatu ni mpwa wake asiye na kazi. Naomba wasinielewe vibaya, wapo wastaafu waliofanikiwa. Ila nimeona kiinua mgongo cha maisha mazima kikigeuka mashine mbili zenye kutu na deni. Siku utakapokuwa na oda ya watu ishirini na tarehe ya kukabidhi, umerudi ofisini, na bosi safari hii ni mteja. Kigoda mpe mjukuu. Ukiuza kimoja ununue msasa, si dhambi.

Anayetaka kufundishwa asione haya. Vyuo vya VETA vina kozi fupi, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden, vilikusudiwa watu wazima tangu awali. Hao Waswidi wana historia ndefu na jambo hili. Karne ya 19 mwalimu wao Otto Salomon alifungua chuo mahali paitwapo Nääs, akifundisha walimu kwamba mtoto hachongi kijiko ili awe fundi wa vijiko, bali kijiko ndicho kinachomchonga mtoto. Sioni kwa nini isiwe hivyo kwa babu yake. Wasio na chuo karibu waende kwa seremala wa mtaani. Maseremala wengi ninaowajua ni watu wa subira, na mzee anayekuja kukaa na kutazama hupewa kazi ya kupiga msasa kabla ya saa sita.

Nirudi kwenye mizinga, maana ndiyo iliyonipeleka. Kwa Tabora, mkoa wa asali, sijui kazi bora ya useremala kuliko hiyo. Kwa desturi mzinga ulitengenezwa kwa gogo lililotobolewa, au kwa gome lililobanduliwa kuzunguka mti kama mtundu. Mzinga wa gome ni mwepesi na wa haraka, lakini mti uliovuliwa gome mzunguko mzima hufa. Mzinga wa sanduku hauui mti, na unahitaji mbao chache. Siri yake ni viunzi vya juu, vile vijiti vinavyolala sambamba, ambavyo nyuki huning'iniza masega yao. Kwa nyuki wetu wa Afrika kila kijiti kiwe na upana wa milimita 32. Nyuki hujenga masega kwa nafasi zao wenyewe, hawasikii la mtu. Kipimo kikiwa sawa, kila sega linakaa kwenye kijiti chake na unalitoa moja moja bila kubomoa. Kijiti kikizidi upana, sega la pili linaanzia katikati, linaungana na jirani, na siku ya kurina utang'oa yote pamoja na asali ikimwagika miguuni.

Mzee aliweka guniya juu ya kijiti, akakitazama dhidi ya mwanga, akakitupa kwenye kikapu cha kuni. Kilikuwa 34. "Nilipokuwa reli," akasema, "kilo mbili za mzigo ungeweza kuzisahau kwenye karatasi. Nyuki hasahau."

Pembeni alikuwa na ubao mwingine mzito aliokuwa hajaumaliza, wa bao: mashimo 32, safu nne za manane, na mawili kati yake ya mraba kwa ajili ya nyumba. Mashimo ya duara alikuwa akiyachimba kwa patasi ya mhunzi, na kina chake akikipima kwa kijiti alichokitia alama, ili mkono wa mchezaji uzoe kete bila kukwama. Komwe 64 za kuchezea zilikuwa tayari kwenye kopo la maziwa.

Waliouliza kwa barua kuhusu kung'arisha bila vanishi, njia yake ni hii. Chukua nta ya nyuki, uiweke kwenye kopo, na kopo ulikalishe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiyeyushe juu ya moto mtupu, itawaka. Ikishayeyuka, toa kopo, lipeleke mbali kabisa na jiko, ndipo uongeze tapentaini, sehemu tatu kwa moja ya nta, ukikoroga hadi ipoe iwe kama mafuta ya kujipaka. Paka kidogo kwa kitambaa cha pamba ukifuata nyuzi za mbao, acha ilale usiku mmoja, asubuhi sugua kwa kitambaa kikavu hadi mkono upate joto. Ndani ya mzinga usipake chochote. Kwa vijiko na bakuli za chakula tumia nta peke yake, bila tapentaini.